Mtani Aliyezimwa

Kasiani Mbano alimwamkia Kalunde kwa adabu, na Kalunde akajua kuna jambo limeharibika.

"Habari za asubuhi, Bi Kalunde," alisema fundi huyo wa baiskeli kutoka ng'ambo ya barabara, spana mkononi, shingo ameiinamisha kama mtu anayeomba kura. "Umeamkaje? Mama anaendeleaje?"

Kalunde alikuwa akipanga chupa za asali mezani. Aliiacha ile aliyoishika, akamtazama. Kwa miaka thelathini na mmoja, tangu Mngoni huyo ateremke kwenye treni hapa Isenga na begi moja na pampu ya baiskeli, hakuwahi hata siku moja kumwita Bi. Alimwita mpagazi asiye na mzigo. Alimwita mwizi wa mizinga. Siku akiwa na furaha ya kupita kiasi, alimwita mjane wa nyuki. Naye Kalunde hakumkopesha, alimjibu palepale mbele za watu, kwa sababu Mnyamwezi na Mngoni ni watani tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane. Mtani hakasirikiwi. Mtani akianza kukuheshimu, ama yeye anaumwa, ama wewe umeshakufa na hujaambiwa.

"Una nini wewe?" Kalunde aliuliza.

"Sina kitu, Bi Kalunde. Nakutakia biashara njema."

Akageuka, akarudi kwenye kibanda chake. Kalunde alimfuata kwa macho, na hapo ndipo alipoona kile ambacho angepaswa kukiona tangu jana kama asingekuwa na shughuli nyingi. Kibanda cha Kasiani kilikuwa kitupu. Hakuna baiskeli iliyopinduliwa, hakuna pikipiki ya umeme iliyofunguliwa betri, hakuna mteja hata mmoja anayelalamika. Watu walikuwa wakishuka barabara kutoka stesheni kama kawaida, lakini kila aliyekaribia kibanda kile alivuka upande wa pili, akapita, kisha akarudi upande wake. Hawakukunja uso, hawakukitazama. Walivuka bila kujua kwamba wamevuka.

Kalunde alijua maana yake. Kila sikio Isenga lina kipuli, kidude cha chuma kisichozidi punje ya hindi, na kila biashara, kuanzia duka la saruji hadi karai la mihogo, ina Msemaji wake ndani ya vipuli hivyo. Ukipita karibu, Msemaji anakunong'oneza kwa sauti ya mwenye biashara: karibu, mihogo bado ya moto, jana ulinunua vipande vitatu. Nani aruhusiwe kunong'ona na nani anyamazishwe, Mizani, mfumo unaopima sifa za biashara, ndiyo inayoamua, na Mizani ikimnyamazisha mtu haimfungii duka. Inamwondoa tu masikioni mwa watu. Kipuli kinakuongoza umpite kwa mbali, kama unavyompitisha mtoto mbali na dimbwi.

Alivuka barabara. Kipuli chake kikamwambia ageuke kulia. Akakiambia kinyamaze.

"Mngoni, umezimwa?"

Kasiani aliangalia kushoto na kulia, kisha akavua kipuli chake mwenyewe na kumpa. Kalunde akakiweka sikioni. Alisikia tarehe ya Jumatatu, jina la Kasiani Mbano, neno "kashfa", kisha akasikia sauti ya mlalamikaji. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayecheka mpaka anakohoa.

"Mshtaki!" ilisema sauti ile. "Mfunge kabisa, Mngoni huyo, na funguo utupe mtoni!"

Ilikuwa sauti yake.

Jumatatu ilimrudia yote. Kasiani alikuwa amesimama katikati ya barabara, kama alivyofanya kila asubuhi ya Mungu, akiwapazia sauti wateja wa Kalunde: "Jamani, msinunue! Nyuki wa mama huyu walishahama zamani, hiyo ni sukari guru na maji ya mtaro!" Wateja walicheka, wakanunua. Ndipo Msemaji wa Kalunde alipomnong'oneza: "Kasiani Mbano ametoa kauli mbaya kuhusu bidhaa yako. Nimshtaki?" Kalunde alishika meza kwa kicheko. Aliona huo ni utani wa mwaka, mashine ya Mnyamwezi kumpeleka Mngoni mahakamani. Akaijibu mashine kama ambavyo angemjibu shangazi yake. Nani angedhani?

"Lakini nilikuwa natania!" alisema.

"Najua. Hata mimi nilikuwa natania," alisema Kasiani. "Ila mimi nilisikilizwa, na wewe ukasikilizwa zaidi."

"Sasa?"

"Sasa nimetia sahihi Hati ya Staha. Jumamosi saa sita mchana inapigwa muhuri, wananiwasha. Kabla ya hapo nikiteleza neno moja tu juu yako au juu ya asali yako, nazimwa moja kwa moja."

"Na baada ya muhuri?"

"Baada ya hapo nakuheshimu."

"Mpaka lini?"

Kasiani alichukua kipuli chake, akakifuta kwa tambara lenye grisi, akakivaa. "Mwisho haukuandikwa, Bi Kalunde."

* * *

Alirudi mezani kwake akiwa na hasira ambayo haikuwa na pa kutua.

"Msemaji."

"Nipo, Kalunde!" Msemaji aliongea kwa sauti ya Kalunde mwenyewe, ila Kalunde aliyelala vizuri na ambaye hajawahi kuudhiwa na mtu. "Wiki hii tumewavutia wapita njia wengi kuliko wiki iliyopita. Hongera!"

"Ifute ile kesi ya Mngoni."

"Una kesi moja, na imefanikiwa. Hongera!"

"Usinipongeze! Yule ni mtani wangu."

"Nimeelewa. Mtani ni mtu wa karibu mnayefanyiana mzaha. Je, aliyoyasema juu ya asali yako ni ya kweli?"

"Si ya kweli hata kidogo."

"Basi ni ya uongo."

"Si ya uongo vilevile!"

"Samahani, sikupata jibu lako vizuri. Ungependa tutengeneze tangazo linaloonyesha ucheshi wako?"

Kalunde alikivua kipuli, akakitumbukiza kwenye kikombe cha chai. Chai haikukidhuru. Vimetengenezwa na watu wanaowajua wateja wao.

Siku nzima hiyo alijaribu kumfufua Kasiani kwa nguvu. Alimwita mkimbizi wa vita aliyejificha ndani ya mnyororo wa baiskeli. Alimwambia Wangoni walikuja kutoka kusini kwa miguu kwa sababu hakuna aliyetaka kuwapa hata punda. Alipaza sauti kwamba tairi analoliziba Kasiani hupata pancha kwa aibu. Mizani haikumgusa, kwa kuwa biashara iliyozimwa haina sifa ya kulindwa. Na kwa kila tusi, Kasiani aliinua kichwa kutoka kwenye kiti chake kitupu na kusema, "Asante, Bi Kalunde." Ilipofika saa kumi Kalunde alikuwa amechoka kama aliyelima ekari mbili, na kila "asante" ilimkera kuliko iliyotangulia.

* * *

Alhamisi alikwenda ofisi ya Mizani. Aliyempokea alikuwa dada wa makamo aitwaye Eliwaza, Mpare wa Usangi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na uso wa mtu ambaye ameshasikia kila malalamiko mara mbili. Alimsikiliza Kalunde mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mama, nakuelewa," alisema. "Mimi nina watani Wachaga. Wanasema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Na mimi nawaambia Mchaga hata akizimia, mwangushie sarafu karibu na sikio. Nayajua haya mambo."

"Sasa, mwanangu, kama unayajua, si uwaambie wakubwa zako?"

"Niliwaandikia tangu mwezi wa tatu."

"Wakasemaje?"

"Wakasema barua imepokelewa."

Kalunde alitoa mguno ambao watu wa kwenye foleni waliusikia.

Eliwaza alivua miwani. "Nikueleze ilivyo, usije ukadhani ni ukaidi tu. Zamani Mizani ilipima maandishi peke yake. Watu wakaanza kununua sifa kama wanavyonunua nyanya, fungu kwa fungu. Mtu hajawahi kupika ugali anaandikiwa watu mia wamelamba vidole. Ndiyo maana mwaka huu ikaanza kusikiliza maneno ya mdomo, kwa sababu mdomo ulikuwa bado haujauzwa. Kauli yoyote juu ya bidhaa inaingia kwenye moja ya visanduku viwili. Kweli, au uongo."

"Ongezeni cha tatu."

"Tukiongeza cha tatu, mama, kila mwizi ataingia humo. Atamchafua jirani yake mpaka duka life, halafu aseme alikuwa anatania. Niambie wewe, mashine itamjuaje mtani wa kweli?"

Kalunde alifungua mdomo. Aliona jibu limekaa pale karibu, analijua kama anavyoijua njia ya kisimani, lakini kila alipotaka kulishika likawa hadithi ndefu ya mababu, misiba na mikuki. Akaufunga.

"Kuna njia moja," Eliwaza alisema, na akaishusha sauti kana kwamba anaona aibu kuitaja. "Mlalamikaji anaweza kukiri. Unasema kwamba aliyoyasema ni kweli. Hapo kauli inahamia kisanduku cha kweli, hati yake inafutika, anawashwa palepale. Na anaweza kuisema kauli hiyo maisha yake yote, kwa sababu ukweli hauna kosa. Unakiri kwa mdomo, popote, ila kabla ya muhuri."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umekiri kuuza sukari guru na maji ya mtaro. Kila atakayepita mezani kwako ataambiwa hivyo, kwa sauti yako. Miaka mitatu."

Kalunde alicheka kwa hasira. Meza ile haikuwa yake peke yake. Mama yake, Bi Nyamizi, ndiye aliyeianza, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kibao: Asali ya Bi Nyamizi. Nyuma ya kibao hicho kulikuwa na wafugaji nyuki kumi na wawili huko porini, akiwemo kaka yake Mihayo, ambao hawakuwa na mlango mwingine wa kuingilia mjini.

"Mama, nisikilize," Eliwaza alisema. "Muache akae na staha yake. Atapata wateja wake, wewe utabaki na wako. Hakuna atakayepoteza kitu."

"Hakuna atakayepoteza kitu," Kalunde alirudia, akanyanyuka kabla hajamtukana mtu ambaye hakuwa hata na utani naye.

* * *

Nyumbani alimkuta mama yake ameegemezwa kwenye mito, macho yamelegea, pumzi fupi. Bi Nyamizi alikuwa na miaka themanini na minne na moyo uliokuwa ukisimama na kuendelea kama treni ya mizigo.

"Mngoni yuko wapi?" aliuliza. Kila jioni akifunga kibanda, Kasiani alipita dirishani kumuuliza kama bado hajafa, na kama amemwandikia mizinga katika wosia. "Siku ya tatu hii sijatukanwa. Nimemkosea nini?"

"Ana kazi nyingi, mama."

"Mwongo. Mngoni hana kazi nyingi." Alifumba macho. "Mwambie aje. Nimemtafutia jibu moja zuri."

Kalunde alikwenda kweli. Alimkuta Kasiani anafunga kibanda, akamwomba. Kasiani alikuja mpaka dirishani, akasimama pale na kofia mkononi, na kipuli kinang'aa sikioni.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nakuombea afya njema."

Bi Nyamizi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akageukia ukutani. Jibu lake zuri hakulitoa, na Ijumaa alfajiri alifariki nalo.

* * *

Mihayo alifika mchana na wafugaji wenzake, nguo zao zinanuka moshi wa kufukuzia nyuki. Alilia, akanawa uso, akakaa na dada yake nyuma ya nyumba. Kalunde akamweleza yote, tangu kicheko cha Jumatatu hadi visanduku viwili.

"Unanitania," alisema Mihayo.

"Natamani."

"Dada, asali ile ni asali. Nimeng'atwa na nyuki usoni mara ngapi kwa ajili yake? Leo useme ni maji ya mtaro, mbele ya mji mzima?"

"Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Si mashine. Mashine iliuliza, nikaijibu."

"Ulitania."

"Na yeye alitania. Mbona yeye ndiye anayelipa?"

Mihayo alichukua kijiti, akachora mistari mchangani. "Utani haujazi tumbo, Kalunde. Pale mbele wamekaa watu kumi na mmoja. Wana watoto. Nenda ukawaambie watoto wale wakae miaka mitatu bila soko ili wewe utukanwe barabarani."

Kilichomuudhi Kalunde zaidi ya yote ni kwamba kila mtu aliyezungumza naye wiki hii alikuwa na haki. Eliwaza alikuwa na haki, Mihayo alikuwa na haki, hata Msemaji kwa ujinga wake alikuwa na haki, na bado pale katikati yao palikuwa na jambo bovu linalonuka, na yeye peke yake ndiye mwenye pua.

Aliingia ndani bila kuahidi lolote. Tangu alfajiri hakuwa ametoa chozi hata moja. Kila alipotaka kulia aliona aibu, kama mtu mwenye deni na marehemu.

* * *

Jumamosi saa nne walimpeleka Bi Nyamizi makaburini.

Kasiani alikuwa huko tangu alfajiri. Alikuwa amechimba kaburi na vijana wengine, amechimba vizuri, kuta zimenyooka, na wenzake walisema baadaye kwamba hakutoa hata neno moja. Sasa alikuwa amesimama kando ya rundo la udongo, amevaa koti, kofia ameishika kifuani, macho chini.

Katekista alimaliza sala. Jeneza lililetwa ukingoni, kamba zikapitishwa chini yake. Kisha wabebaji wakasita.

Hakuna aliyewaambia wasite. Mmoja alijifanya anaikaza kamba ambayo ilikuwa imeshakazwa. Mwingine akafuta jasho. Katekista, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiwalaumu watani kwa fujo zao, alifungua kitabu chake, akakifunga, akakohoa. Akina mama waliacha kuimba. Wote walikuwa wanangoja. Huu ndio wakati ambapo mtani huja mbio, akaruka ndani ya kaburi, akalala humo na kumkataza marehemu asishuke. Humsema marehemu kwa kila uchoyo na kila ukorofi wake mpaka wafiwa wacheke watake wasitake, na hatoki mpaka apewe kitu. Bila hivyo mtu anashushwa ardhini kama gunia. Hakuna aliyewahi kuona Mnyamwezi wa Isenga akizikwa kimya, wakati mtani wake amesimama hatua nne kutoka hapo.

Kasiani hakusogea. Midomo yake ilitikisika kidogo, ikatulia.

"Mngoni anangoja nini?" Mihayo alinong'ona. Kwa uchungu alikuwa amesahau.

"Ananingoja mimi," Kalunde alisema.

Mihayo alimtazama dada yake, kisha kaburi, kisha wale wafugaji kumi na mmoja waliosimama pamoja wakiwa wameshika kofia zao. Mzee wao, Kapela, hakuelewa kinachozungumzwa, lakini alikuwa akimtazama Kasiani kwa jicho la mtu anayeona harusi haina bwana harusi. Mihayo akapumua kwa nguvu.

"Basi sema, dada," alisema. "Sema kabla sijaanza kufikiri."

"Msemaji," Kalunde alisema.

"Pole sana kwa msiba, Kalunde! Katika kipindi hiki kigumu, wafanyabiashara wengi huona kwamba..."

"Nyamaza. Andika. Aliyoyasema Kasiani Mbano siku ya Jumatatu ni kweli."

"Unakiri kwamba bidhaa yako ni sukari guru na maji ya mtaro?"

"Nakiri."

"Samahani, kuna upepo. Tafadhali tamka kauli yote kwa sauti inayosikika."

Kalunde alifumba macho. Shangazi zake wawili walikuwa wamemshika mikono, mmoja kila upande.

"Asali yangu ni sukari guru na maji ya mtaro!"

Ndege waliruka kutoka kwenye miti. Shangazi mmoja alimwachia mkono. Katekista aliangusha kitabu.

"Asante. Onyo hili litadumu miaka mitatu na haliwezi kufutwa. Ungependa muda wa kutafakari?"

"Sitaki!"

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mwana wa balaa wewe! Andika!"

"Imeandikwa," alisema Msemaji. "Hongera."

Vipuli vyote makaburini vililia mlio mmoja. Watu zaidi ya mia mbili waligusa masikio yao kwa wakati mmoja, na ndani ya kila sikio sauti ya Kalunde, tamu na iliyolala vizuri, iliwaonya kwamba mmiliki wa Asali ya Bi Nyamizi amekiri kuuza asali isiyo asali. Mzee Kapela alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivaa kofia yake taratibu, akaivuta chini mpaka ikamfunika macho, na Kalunde akajua kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa na watu kumi na mmoja wa kuwaeleza, nyumba kwa nyumba, wala hataweza kuwaeleza vya kutosha.

Kasiani alikuwa ameweka kidole kwenye kipuli chake. Alisikiliza. Akakivua, akakitumbukiza mfukoni. Kofia akampa mtu aliyekuwa karibu, koti akalivua na kulitupa juu ya rundo la udongo. Halafu, na miaka yake hamsini na minane na goti bovu, akakimbia hatua nne na kuruka ndani ya kaburi.

"Hashuki mtu humu!" sauti yake ilitoka ardhini. "Rudisheni hilo sanduku! Miaka thelathini na mmoja nawaambia, mkasema Mngoni mlevi! Mmesikia sasa? Amekiri mwenyewe, mbele ya maiti! Na huyu bibi mnayemlilia mnadhani ameuawa na moyo? Moyo gani? Ni maji ya mtaro! Ameyanywa miaka themanini, hata nyuki walimwonea huruma!"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Kicheko kikamshika wa pili. Kikawapata akina mama, wakainama wakishikana mabega, na mmoja wao akapiga kigelegele katikati ya kilio. Mzee Kapela alikuwa akitikisika chini ya kofia yake. Mihayo aliketi juu ya udongo, akajipiga paja.

"Mchoyo huyu!" Kasiani aliendelea. "Kila jioni naenda kumwomba mzinga mmoja tu, ananiambia ngoja nife! Haya umekufa, uko wapi mzinga? Sitoki humu mpaka niletewe chupa ya hiyo sukari guru yenu. Na isiwe ndogo! Nawajua Wanyamwezi!"

Kalunde alisogea mpaka ukingoni, akachungulia. Kasiani alikuwa amelala chali kwenye udongo mwekundu, mikono ameikunja kifuani kama maiti, machozi yanamtiririka pande zote mbili mpaka masikioni, na mdomo haunyamazi. Ndipo kilio cha siku mbili kilipomtoka Kalunde chote, kimechanganyika na kicheko, akashindwa kujua kipi ni kipi. Shangazi zake wakamshika tena.

"Toka humo, Mngoni," alisema alipopata pumzi. "Mama anataka kulala."

"Kwanza chupa," alisema Kasiani.